Shukrani Isiyoishia kwenye Makofi



Tarehe 23 Machi 2020, Serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wakae majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Siku tatu baadaye, Alhamisi saa mbili usiku, majirani walisimama milangoni na madirishani wakawapigia makofi wauguzi na madaktari. Wazo hilo lilitolewa na Annemarie Plas, mwanamke Mholanzi aliyeishi London. Watu wa Italia na Hispania walikwisha kufanya vivyo hivyo. Makofi yaliendelea kwa majuma kumi, wakakumbukwa pia madereva wa mabasi na wazoa taka.

Kwa nini walishukuru? Kwa sababu aliyefungiwa ndani alitambua kwamba usalama wake ulimtegemea mwenzake aliyelazimika kutoka nje. Amri iliyomlinda mmoja ilimwacha mwingine hatarini.

Lakini makofi yana mpaka wake. Plas mwenyewe alishauri yakome mwezi Mei, alipoona yanaingizwa katika siasa. Mwezi Machi 2021, Serikali ilipendekeza kuwaongezea wauguzi mshahara kwa asilimia 1 tu. Malalamiko yakawa mengi, na mwezi Julai nyongeza ikawa asilimia 3.

Basi, ndugu zangu, tujiulize: yule muuguzi akeshaye kwa ajili yetu, na yule afagiaye soko letu, tunawapa nini hatari inapopita? Heshima, ujira wa haki na msaada wakiugua, hiyo ndiyo shukrani kamili. Mkono uliopiga makofi na usaidie kubeba mzigo.