Asili ya Neno "Ndovu"

Wasikilizaji, akaaye Karatu kandokando ya msitu wa Ngorongoro hana haja ya kuelezwa ndovu ni nani. Usiku hushuka, na asubuhi mahindi yamelala chini. Basi leo tunanena habari za jina lake.

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Kweli tumekopa maneno mengi huko. Lakini Mwarabu humwita mnyama huyu fil. Waulize wengine: Mkikuyu husema njogu, Mganda enjovu, Mnyarwanda inzovu, na Mzulu, mbali kusini, indlovu. Hawa hawakukutana sokoni wakaazimana neno. Wamelirithi.

Carl Meinhof, Mdachi, alitoa kitabu cha sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899; Malcolm Guthrie, Mwingereza, akatoa vyake kati ya 1967 na 1971. Kwa kulinganisha lugha wataalamu wamepata neno la kale, *njogu. Nyota ile ni alama kwamba hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limepatikana kwa hesabu.

Kwa nini g, wala si v kama yetu? Tazama neno mvua: Mkikuyu husema mbura. Penye vu yetu, yeye mara ana bu, mara gu. Lau v ingalikuwa ndiyo ya kale, nani angalimfundisha kuigawa namna hiyo? Bali b na g zilitangulia, na sisi tukazigeuza zote mbili kuwa v mbele ya u iliyotamkwa kwa kukazwa sana. Na nd yetu ni ya matamshi ya kaskazini: Mvita hata njia huitwa ndia.

Neno hili halibadiliki kwa wingi: ndovu mmoja, ndovu wengi. Zamani lilifuatwa na viambishi vya ngeli yake, kama Mzulu afanyavyo hata leo. Sisi twasema "ndovu mkubwa amekuja", kama kwamba ni mtu. Lakini desturi ya kale imesalia katika "ng'ombe zangu" na "ndugu zangu".

Wamasai husema olenkaina, yaani mwenye mkono, jina zuri kuliko letu. Lakini lugha yao si ya Kibantu. Wala Kiiraqw si ya Kibantu. Mwanafunzi Mwiraqw atakaye asili ya jina la kwao na alipime pamoja na Kigorwa, Kialagwa na Kiburunge, maana hizo ndizo ndugu zake.