Ugonjwa wa ghafla na ugonjwa sugu: jihadhari na mahindi mabichi ghalani

Msomaji, wengi wanaofika kutibiwa hapa Kangundo hudhani kuwa ugonjwa sugu ni ule ulio mkali kuliko mingine. Sivyo. Tofauti iko katika mwendo wake. Ugonjwa wa ghafla, kama kipindupindu, huanza kwa saa au siku chache, na upesi mtu hupona au hufa. Ugonjwa sugu, kama kisukari au shinikizo la damu, huja polepole na kukaa miaka, na mara nyingi mwanzoni hauumi.

Mahindi yetu yanatupa mfano. Yasipokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika ghafla: hutapika, tumbo huuma na kuvimba, macho huwa manjano. Hayo yalitokea Machakos mwaka 1981. Kati ya wagonjwa 20, 12 walifariki. Mwaka 2004 yalirudi Machakos, Makueni, Kitui na Thika: wagonjwa 317, vifo 125.

Sumu hiyo hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, hakuna anayetapika wala kukimbizwa hospitali. Lakini inaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Dalili zinapoonekana, mara nyingi ini limekwisha kuharibika sana.

Basi, wewe unayerudi Nairobi na gunia kutoka shambani, usingoje maumivu. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu yenye kifuniko, utikise, kisha uache kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zenye kuvu zitupe. Kupika hakumalizi sumu, na ukimpa ng'ombe, sumu hupita katika maziwa. Watoto wachanga nao wapelekwe kliniki; chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa nchini tangu mwaka 2001.

Macho yakiwa manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa ugonjwa usioumiza, kinga ni bora kuliko tiba.