Mbunge wetu anafanya nini Dodoma?

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie kazi ya mbunge. Kuanzia Mollo hadi Sumbawanga mjini, na kote Ufipa, mbunge anaporudi nyumbani hupokewa na swali lile lile: umetuletea nini? Hutazamiwa kutoa rambirambi, mabati ya shule na jezi za vijana. Akikosa, husemwa kwamba hafai. Lakini Katiba yetu, katika ibara ya 63, haikumweka mbunge awe mfadhili. Imelikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi.

Bunge linapokutana, asubuhi huanza kwa dua, kisha mawaziri hujibu maswali. Siku ya Alhamisi Waziri Mkuu mwenyewe huulizwa maswali ya papo kwa papo. Hufuata miswada na taarifa za kamati. Kuanzia Aprili hadi Juni wizara hupita moja baada ya nyingine kuomba fedha.

Tuanze na haki. Mbunge hawezi kumwagiza hakimu, kwa sababu kauli ya mwisho katika utoaji haki ni ya Mahakama. Hata hivyo, sheria inayompeleka mtu katika Gereza la Mollo ilipitishwa na wabunge, na fedha za kuendeshea mahakama na magereza huidhinishwa na wao. Kesi ikikwama kwa uhaba wa mahakimu, hilo ni swali la Bungeni.

Pili ni matumizi ya fedha. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni. Kamati ya Hesabu za Serikali huwahoji watendaji wa wizara, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi wa halmashauri. Shilingi iliyopotea katika manispaa au wilaya yetu hutafutwa hapo, ikiwa mbunge ameisoma ripoti.

Tatu ni mambo ya nje. Wengi hudhani haya ni ya mabalozi tu. La hasha. Septemba 2021 Bunge liliridhia Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika, na kwa mkulima wa mahindi anayepakana na Zambia, na mwenye Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkataba wa biashara ni habari ya gunia lake.

Mambo haya matatu hayatengani. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kutokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008, wa dola milioni 698. Ulitarajiwa mkataba wa pili, wa zaidi ya dola milioni 470, hasa kwa ajili ya umeme. Machi 2016 shirika la Marekani linalotoa fedha hizo liliusimamisha. Lilitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, na vilevile namna ilivyotumika Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2015.

Mtu anaweza kusema, na ana haki, kwamba taifa haliuzi sheria zake kwa msaada. Lakini mbunge anayesema "ndiyo" ukumbini lazima ajue kwamba neno hilo moja linagusa uhuru wa raia, mfuko wa Serikali na uhusiano wetu na mataifa.

Basi ndugu msikilizaji, mbunge atakapoitisha mkutano, rambirambi tumshukuru. Kisha tumuulize: Bunge lililopita uliuliza nini, ulijibiwa nini, na katika bajeti ulipiga kura gani? Tukiendelea kumuuliza habari za jezi, atatuletea jezi.