Filamu ya sangara wa Mwanza: Nani alibaki na bondo?

KWA wauza samaki wa Kiseke na mwalo wa Kirumba, mapanki si neno geni. Ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kuondoa minofu. Mwaka 2004 mapanki hayo yaliingia katika kumbi za sinema Ulaya, kupitia filamu ya Darwin's Nightmare iliyopigwa Mwanza na Hubert Sauper, raia wa Austria.

Kwa maelezo ya Sauper, wazo lilimjia mwaka 1997 alipoona ndege mbili kubwa za mizigo. Moja ilileta tani 45 za njegere kutoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi. Nyingine iliondoka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wawili, Sauper na mwenzake Sandor Rieder, wakiwa na kamera ndogo. Viwandani, mameneja waliwadhania wakaguzi wa afya kutoka Ulaya. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya uliwahi kufunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria. Sauper anasema pia kuwa sehemu kubwa ya bajeti iliishia kwenye faini na hongo.

Filamu ilishindania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo, Rais Jakaya Kikwete aliikosoa vikali akisema inaichafua nchi.

Ubishi huo ulihusu minofu na mapanki. Bondo halikutajwa sana. Lakini minofu ni chini ya nusu ya uzito wa sangara. Kinachobaki ni kichwa, panki, ngozi, mafuta na bondo. Leo bondo lililokaushwa husafirishwa hadi China na Hong Kong, na kilo yake huipita mbali bei ya kilo ya minofu.

Hapo ndipo penye hesabu ya mvuvi na mchuuzi. Anayeuza sangara mzima kwa bei ya nyama tu anatoa bondo bure. Naye anayenunua samaki aliyekwisha kupasuliwa asilipe bei ya samaki mzima.

Kwa hiyo, kabla samaki hajapanda mzani, swali ni moja: bei hii ni pamoja na bondo?