Elimu ya Binadamu na Kambi za Wafanyakazi



Wengi wetu tukisikia neno anthropolojia tunadhani ni jambo la maprofesa. Maana yake ni elimu ya kuchunguza binadamu: anavyoishi, anavyooa, anavyojiita na anavyomwita jirani yake. Hapa kwetu elimu hiyo ilitujia kwa ubaya. Wakoloni wa Kibelgiji walipima watu vimo na pua, wakaandika kwamba hawa wamezaliwa kutawala na wale kulima. Kisha wakaigeuza nchi ifanane na maandishi yao. Mwanahistoria wetu Joseph Gahama, katika kitabu chake cha mwaka 1983, ameonyesha kwamba mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa 27 kati ya 133. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Kalamu za ofisini ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Hata hivyo tusiitupe elimu hii kwa sababu iliwahi kushikwa na mikono mibaya. Katika miaka ya 1985 na 1986 msomi Liisa Malkki aliishi magharibi mwa Tanzania na Wahutu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wote walitoka nchi moja na walikimbia balaa moja. Wengine waliwekwa Mishamo, katikati ya pori, ambako mtu hakutoka bila kibali. Wengine walijipenyeza Kigoma mjini. Mishamo aliwakuta watu wanaosimulia kila siku habari za taifa lao na adui wao, kila jambo likipimwa kwa kipimo hicho. Kigoma aliwakuta wamechanganyika na wenyeji, wameoa na kuolewa, na wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995, wakati mitaa ya Bujumbura yetu ilikuwa ikitengwa kwa damu, huku hawa, kule wale.

Hatuwalaumu watu wa Mishamo. Walikuwa na haki ya kuwakumbuka wafu wao. Tunachosema ni kwamba mahali mtu alipowekwa pana mkono katika fikira zake.

Sasa tuje kwetu. Tunalijua shamba moja ambako vibarua hulazwa kwa mkoa waliotoka, safu hii wa kaskazini, safu ile wa kusini. Mshahara ukichelewa, kila safu hulalamika peke yake, na mwajiri huzungumza na kila moja kwa siku yake. Ndiyo maana mgomo huvunjika siku ya pili!

Kwa hiyo wajumbe wa matawi wataanza kuuliza katika kila kambi na kila kiwanda. Nani aliamua nani alale wapi? Nani anakula na nani? Mtoto akiugua usiku, unakopa kwa nani? Majibu yataandikwa bila jina wala kabila. Tutayapeleka mezani wakati wa mkataba ujao, tukidai nyumba zigawiwe kwa kufuata tarehe ya mtu kuandikwa kazini. Mjumbe atapita jioni, baada ya zamu. Mpeni kiti.