Shahada ya Kilimo Humfikisha Wapi Mhitimu?

Wanafunzi wengi hudhani kuwa asomaye kilimo hana budi kuwa bwana shamba au bibi shamba wa serikali, na nafasi hizo zikikosekana, elimu yake imepotea bure. Dhana hiyo haina msingi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, hufundisha pia taaluma za udongo, misitu, chakula na uchumi wa kilimo. Mtaalamu wa udongo hupima tindikali ya shamba na kukadiria chokaa inayohitajika; wa chakula huyakinga mahindi ghalani dhidi ya sumukuvu; wa uchumi huchunguza iwapo mkopo wa chama cha ushirika utalipika. Lakini kazi hizo zadai Kemia, Baiolojia na Hisabati. Ayapuuzaye masomo hayo sekondari hujifungia mlango kabla hajaufikia.