Stima ilivyopita juu ya vichwa vya Watonga wa Kariba

Ukibonyeza swichi taa ikawaka, mambo yameisha. Hujiulizi nani alihama ndio wewe uchaji simu. Basi twende hadi Mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, usikie kisa cha Watonga wa bonde la Gwembe.

Hawa walilima kandokando ya mto, kwenye udongo wenye rutuba ulioachwa na mafuriko, wakivuna mara mbili kwa mwaka. Binamu akiwa ng'ambo, unapanda mtumbwi tu, unamsalimia, unarudi.

Halafu wakoloni wakataka umeme wa migodi ya shaba ya Copperbelt na viwanda vya Salisbury, yaani Harare ya leo. Ujenzi wa Bwawa la Kariba ukaanza katikati ya miaka ya 1950, Benki ya Dunia ikikopesha dola milioni 80. Watonga walisema Nyaminyami, roho wa mto mwenye mwili wa nyoka, hatakubali. Mafuriko makubwa yalipovuruga ujenzi mwaka 1957, yakarudi tena 1958, ungewalaumu kwa kuamini?

Watu wapatao 57,000 walihamishwa. Wa Chifu Chipepo waligoma. Septemba 1958 polisi waliwafyatulia risasi, wanane wakafa. Waliobaki walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Lusitu, mahali pakavu. Makaburi ya mababu yakabaki chini ya maji.

Wakati huohuo kulikuwa na Operesheni Nuhu, iliyookoa wanyama zaidi ya 6,000 kwa mashua. Picha za swala waliookolewa zilizunguka dunia. Habari za Chipepo je, umewahi kuzisikia?

Ziwa likajaa, urefu wake kama kilomita 280. Nyaya za stima zikapita, vijiji vingi vya Watonga vikabaki gizani kwa miongo. Yule binamu wa ng'ambo sasa ni raia wa nchi nyingine. Hata kapenta wanaovuliwa humo ni dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1960, na kuwavua kunataka chombo chenye taa na nyavu, mtaji ambao mkulima aliyepoteza shamba hana. Mwaka 2024 ukame ulipolishusha ziwa, Wazambia wa mjini walikaa bila stima saa nyingi kwa siku, na hiyo ndiyo ikawa habari kubwa.

Nasi tuna Masinga na Thwake. Ukiwa na shosho wa pande hizo, hebu muulize nani alikuwa akiishi pale kabla ya maji.